Amplifaya ya kopi, bodi ya kuunganisha au mtumba orijino: uchague ipi?

Mwaka juzi, katikati ya harusi, mziki umekolea na akina mama wameshanyanyuka kumtunza bibi harusi, besi zangu mbili zilinyamaza kwa pamoja. Hazikukwaruza wala kukoroma. Zilitoa mlio mmoja mzito, kisha ikaja harufu ya koili iliyoungua. Amplifaya niliyokuwa nayo ilikuwa kopi ya mashine mashuhuri ya Sweden. Muuzaji alikuwa ameniapia: "Mchoro ni uleule bosi, tofauti stika tu."

Kesho yake fundi wangu alipoifungua, tukaona muuzaji hakudanganya sana. Mchoro kweli ulikuwa uleule, au unakaribia. Ila upande wa ulinzi wa spika bodi ilikuwa na nafasi zilizoandikwa namba za vipuri na juu yake hakuna kilichochomelewa. Aliyeinakili aliona mashine inalia vizuri bila vipuri hivyo, akaviacha ili apunguze gharama. Tangu siku ile, mtu akiniuliza kama amplifaya ya kopi inaaminika, na mimi humuuliza: walipoinakili, waliacha nini?

Maana kunakili mchoro wenyewe si jambo la aibu. Aprili 1969 jarida la Wireless World la Uingereza lilichapisha amplifaya ya wati 10 ya John Linsley Hood ili wasomaji waijenge majumbani mwao, na mpaka leo bado inajengwa. Desemba 1975, katika jarida hilohilo, Peter Walker wa kampuni ya Quad alieleza wazi namna amplifaya yake ya 405 inavyofanya kazi. Viwanda vya chipu navyo huchapisha saketi kamili kwenye karatasi za vipimo, na kila mtu huichukua. Kubandika jina la mwenzako kwenye bidhaa yako ni suala jingine. Kenya hilo linashughulikiwa na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 2008. Tanzania ni Tume ya Ushindani, FCC, kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Kwa mtu mwenye hela mkononi, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, njia ziko tatu: kopi iliyokamilika kutoka kiwandani, bodi iliyonakiliwa ambayo fundi anakuunganishia, au orijino ya mtumba. Zote nimeshazilipia, na zote zimewahi kunifurahisha na kunitia hasara.

Vigezo vinne

Cha kwanza ni wati za kweli, na hapa hesabu ya dakika moja inakutosha. Pima volti za DC kwenye kapasita kubwa za ndani, kutoka upande mmoja hadi katikati. Toa 4, ambazo hupotea njiani. Jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha ligawe kwa omu za spika mara mbili. Tuseme transfoma ni ya 35-0-35, yaani volti 35 za AC kila upande wa katikati. Kwenye kapasita utapata kama volti 49. Ukitoa 4 zinabaki 45, na 45 mara 45 ni 2,025. Kwa spika ya omu 8, gawa kwa 16: wati 126. Kwa omu 4 ni wati 253, kama transfoma na transista zitahimili. Boksi likiwa limeandikwa wati 1,000 juu ya transfoma hiyo, zilizobaki ni wati za mdomoni. Kuhusu PMPO, ile namba kubwa ya wati inayobandikwa kwenye masabufa, usihangaike hata kuisoma.

Cha pili ni sauti: mvumo wa umeme, mikwaruzo, na jinsi besi inavyoshikwa. Cha tatu ni usalama, wa spika na wa binadamu. Cha nne ni kutengenezeka: ikifa Ijumaa jioni, Jumamosi mchana italia?

Njia ya kwanza: kopi ya kiwandani

Hizi ndizo zimejaa kwenye shughuli zetu. Inayonakiliwa kuliko zote ni FP 10000Q ya Lab.gruppen, kampuni ya Sweden: chaneli nne, kila moja wati 2,100 kwenye omu 4, na uzito wa kilo 12 tu. Wepesi huo unatokana na kutotumia transfoma kubwa ya chuma. Umeme wake hukatwakatwa kwa kasi kubwa ili transfoma ndogo itoshe.

*Wati za kweli.* Watu hucheka: soketi ya ampea 13 kwa volti 230 inatoa kama wati 3,000, sasa wati 8,000 zinatoka wapi? Kicheko hicho ni nusu haki. Mziki hupanda na kushuka. Mapigo makubwa ni ya muda mfupi sana, na wastani wake huwa mdogo. Ndiyo maana watengenezaji wengi hukadiria umeme wa kawaida kwa sehemu moja ya nane ya nguvu kamili. Kwa hiyo orijino haidanganyi, bali inazungumzia mapigo. Kopi nzuri nayo hufika karibu na hapo kwa sekunde moja au mbili. Zinapotengana ni kwenye besi ndefu, ile singeli inayosukuma dakika nne bila kupumua. Kopi yenye kapasita ndogo na transista chache hulegea. Ukilisikiliza pigo la kwanza la ngoma na la ishirini, utajua.

*Sauti.* Kwa uwanja na ukumbi wenye watu 300 wanaopiga vigelegele, sijawahi kukutana na mgeni aliyetofautisha. Feni zake tu zina kelele kuliko mvumo wowote. Ukiiweka sebuleni ni habari nyingine.

*Usalama.* Kopi hizi hutengana zaidi hapa kuliko kwenye jambo lolote. Transista ya kutolea ikipiga shoti, volti zote za ndani huenda kwa spika kama DC. Hata zikiwa 70 tu, kwenye koili yenye ukinzani wa omu 6 ni zaidi ya wati 800 mfululizo, bila kupumzika. Koili inageuka jiko. Orijino hulihisi hilo na kukata, na hupunguza nguvu ikipata joto au mzigo ukizidi. Kopi moja ina ulinzi wote, nyingine ina nusu, na yangu ilikuwa na namba zilizochapwa kwenye bodi. Kwa nje zilifanana kila kitu, hadi skrubu.

*Kutengenezeka.* Usidanganyike kwamba kwa kuwa kopi ziko nyingi, mafundi nao ni wengi. Mashine hizi zina saketi mbili ngumu, ya umeme na ya sauti, na volti za sehemu ya umeme zinaua. Fundi redio hodari wa mtaani anaweza kukesha wiki mbili nayo. Kinachosaidia ni kwamba bodi nzima za kubadilisha hupatikana, na wenye mziki wengi huweka mashine moja iliyokufa kama ghala la vipuri.

*Inamfaa* anayekodisha mziki, mwenye kazi kila wikendi, atakayeirudisha hela yake ndani ya msimu mmoja na ambaye hatoki nyumbani bila mashine ya akiba. Mwenye mashine moja tu ajihesabu kwamba anacheza kamari.

Njia ya pili: bodi ya kopi, fundi akuunganishie

Hapa ndipo ninapopenda mwenyewe, kwa hiyo nisomeni kwa tahadhari.

Muundo ukiwa rahisi, huhimili kunakiliwa. Ile ya Linsley Hood ina transista nne tu kwa kila chaneli, na makosa hayana mahali pa kujificha. Shida yake ni joto. Ni klasi A, hula kama ampea 1.2 kwa volti 27 iwe inalia au imenyamaza, yaani zaidi ya wati 30 za joto kila chaneli. Kwa Nairobi mwezi wa saba, karibu. Kwa Tanga mwezi wa pili, ni pasi ya mkaa iliyowekwa sebuleni.

Quad 405 inafundisha zaidi. Ina amplifaya mbili ndani ya moja: ndogo safi inayosimamia usahihi, na kubwa ya kibarua inayobeba mzigo. Kibarua anaruhusiwa kuwa wa bei nafuu, kwa sababu makosa yake hufutwa na daraja la vipuri vinne vinavyopaswa kulingana. Pia hakuna mkondo wa kutulia (umeme unaopita kwenye transista mziki ukiwa kimya) wa kurekebisha, jambo linalomfaa fundi asiye na vifaa vya kupimia. Lakini mwenye kuinakili akibadilisha koili ndogo au kapasita ya daraja hilo kwa sababu "hii inakaribiana", daraja linapinda na kibarua anabaki na makosa yake. Amplifaya italia. Haitakuwa 405 tena, ingawa kila transista iko mahali pake.

Halafu kuna bodi za chipu, ambako amplifaya karibu nzima imo ndani ya kipande kimoja. LM3886 ya National Semiconductor, kampuni iliyonunuliwa na Texas Instruments mwaka 2011, hutoa wati 68 kwenye omu 4, na ulinzi wa joto na wa shoti uko ndani ya chipu yenyewe. Saketi yake ilichorwa na kiwanda chenyewe, kwa hiyo neno kopi hapa karibu halina maana. Kinachobaki ni kama chipu ni halali. Chipu nyingine, TPA3116, ni klasi D, yaani hukatakata umeme kwa kasi ili isipoteze nguvu; ni ndogo, haipati joto sana, na kwa nyumba ya sola ni neema. Ila bodi zake huandikwa wati 100 kwa chaneli na kuuzwa pamoja na adapta ya volti 12. Rudi kwenye hesabu: 12 mara 12 ni 144, gawa kwa 8, wati 18 kwa spika ya omu 4. Ukitaka zile wati 50 zake halisi, mpe volti 21. Na waya hasi za spika zake usiziunganishe pamoja wala kuzigusisha na bodi ya gari, unaweza kuiua.

*Wati za kweli.* Kwa bodi za transista, hesabu ya volti ndiyo hakimu. Baada yake uliza kuhusu transista zenyewe. 2SC5200 na mwenzake 2SA1943 za Toshiba zimeandikwa wati 150, lakini hiyo ni ikiwa mgongo wake una nyuzi 25. Ukifika nyuzi 75, zinabaki wati 90. Sasa ongeza kwamba hizi ni miongoni mwa transista zinazoghushiwa sana duniani: jina kubwa nje, kipande kidogo cha silikoni ndani. Mafundi wa STK, zile chipu kubwa za amplifaya za redio, mnayajua haya, mmeyaona kwa miaka. Nunua moja ya ziada, ivunje, uone ukubwa wa kile kipande. Uchungu wa transista moja ni mdogo kuliko wa nane.

*Sauti.* Mchoro ni nusu tu ya amplifaya. Nusu nyingine ni njia: waya wa ardhi unapita wapi, nyaya za umeme mkubwa ziko umbali gani na za sauti ndogo, transfoma imetazama upande gani. Bodi mbili za mchoro mmoja, fundi mmoja akazikutanisha ardhi zote katikati ya kapasita, mwingine akaziungaunga popote palipo karibu: ya kwanza itakuwa kimya, ya pili itavuma kama jenereta ya jirani. Mvumo huo si kosa la kopi, na watu wengi huutupia mchoro lawama za waya. Kuna pia tatizo la kubadilisha transista za zamani kwa mpya zenye kasi zaidi. Saketi iliyotulia mwaka 1969 inaweza kuanza kutetemeka kwa mawimbi usiyoyasikia, na utakachokiona ni joto lisiloeleweka. Linsley Hood mwenyewe alirudi kuupitia muundo wake mwaka 1996.

*Usalama.* Uko mikononi mwako na mwa fundi. Bodi nyingi huja na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya kulinda spika, na hiyo ni afadhali. Lakini isome: rilei nyingi zimeandikwa 30 VDC. Ikijaribu kukata volti 70 za DC, cheche inaweza kuzigandisha ncha zake na ulinzi ukawa pambo. Kwa upande wa binadamu, sanduku la chuma lisilo na waya wa ardhi ni hatari kuliko transista feki zote za Kariakoo.

*Kutengenezeka.* Hakuna inayoifikia. Kila kipuri kinaonekana, mchoro upo, na aliyeiunda ana namba ya simu.

*Inamfaa* mwenye subira, mwenye fundi anayejua kwa nini anafanya anachofanya, na matumizi ya nyumbani, msikiti au kanisa dogo. Usiende nayo safari za mziki wa kukodisha kabla haijakaa miezi miwili bila kelele.

Njia ya tatu: orijino ya mtumba

*Wati za kweli.* Ukikuta amplifaya ya zamani ya wati 60 iliyoandikwa 60, aghalabu ni 60 na zaidi. Wachanga wanaocheka namba hizo ndogo hushangaa zinapowashwa.

*Sauti.* Ilivyokusudiwa na aliyeichora, ikiwa haijazeeka. Kapasita za umajimaji hukauka. Vitasa vya sauti hukwaruza, na ncha za rilei hupata ukungu hadi chaneli moja ikapotea na kurudi. Pwani kuna chumvi ya hewani inayokula miguu ya vipuri bila kelele. Vyote hivyo hubadilishika, ila vitie kwenye bei kabla ya kukubaliana.

*Usalama.* Ulinzi upo, umejaribiwa na miaka. Mtego ni mmoja, nao umeshaua nyingi: mitumba ya Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120. Ukiichomeka kwenye 230, ndiyo kwaheri. Geuza nyuma usome bati kabla ya kusikiliza chochote. Zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza au Dubai kwa kawaida hazina tatizo hilo.

*Kutengenezeka.* Michoro ya zile mashuhuri inapatikana. Transista zake za asili huenda hazipo, na hapo unaweza kujikuta umetia feki ndani ya orijino. Jambo hili halisemwi vya kutosha: mtumba uliopita mikononi mwa mafundi watatu unaweza kuwa kopi kuliko kopi. Fungua uangalie kama risasi ya kuchomelea ni ya rangi moja bodi nzima.

*Inamfaa* msikilizaji wa nyumbani anayetaka sauti bila kujenga chochote, na mwenye mziki wa kukodisha aliyeonyeshwa mashine ikilia saa nzima kwa mzigo. Asiyeruhusiwa kufungua kifuniko asinunue. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kabla hela haijatoka

Kwa zote tatu, mwombe muuzaji aiwashe mara ya kwanza kupitia balbu ya zamani ya wati 100 iliyofungwa mfululizo na umeme. Balbu ikiwaka ghafla kisha ikafifia, vizuri. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, ndani kuna shoti. Jaribio hili ni la amplifaya za transfoma. Zile za FP zinaweza kuyumba kwenye balbu hata zikiwa nzima. Pima DC kwenye vituo vya spika bila spika: chini ya milivolti 50 nafurahi, juu ya 100 nauliza maswali. Kisha weka sikio kwenye tweeta bila mziki. Kwa zenye transfoma, uzito pia hutoa ushahidi, maana chuma na shaba haviigizwi.

Kwa hali yako

Unakodisha mziki na kalenda imejaa: kopi ya kiwandani, lakini mbili, na ya kwanza ifunguliwe na fundi siku ileile uliyoinunua ili mjue ulinzi upo au la. Muuzaji asiyekubali kurudisha kwa sababu imefunguliwa, mpite.

Una spika nzuri za nyumbani na fundi unayemwamini: bodi ya LM3886 au ya 405, transfoma ya uhakika, na hela iliyobaki itie kwenye sanduku na bati la kupozea.

Una spika nzuri na huna fundi: mtumba wa 230, uliosikilizwa kabla ya kulipiwa.

Kanisa au msikiti, sauti ya kuhubiri tu, umeme wa kusuasua: bodi ndogo ya klasi D kwenye betri itakupa usingizi kuliko mashine ya wati elfu. Mkihitaji uwanja wakati wa mkutano mkubwa, kodisheni.

Wewe ni kijana unayejifunza ufundi: anza na ile ya 1969. Utaunguza vidole, na transista mbili tatu.

Na kama kopi imeshanunuliwa na harusi ni kesho, usiku huu funga fyuzi kwenye waya chanya wa kila besi na kapasita mbele ya kila tweeta. Fyuzi mbili ni bei ya chai na andazi. Mimi nilizifunga wiki moja baada ya kununua besi mpya.